Udumavu washuka, upungufu wa damu wagoma: Mizani pekee haitoshi Ngulyati

WAKATI Tanzania ikijivunia kushuka kwa kiwango cha udumavu miongoni mwa watoto, kipo kiashiria kimoja cha lishe ambacho kimegoma kusogea kwa zaidi ya miaka kumi, nacho ni upungufu wa damu.

Takwimu za tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zinaeleza hali hiyo bila kificho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nusu ya watoto wote wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 kiwango hicho kilikuwa asilimia 42, katika utafiti wa mwaka 2015/16 kikawa asilimia 34, na mwaka 2022 kikashuka hadi asilimia 30.

Lakini katika tafiti hizo hizo, watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 59 mwaka 2010, asilimia 58 mwaka 2015/16, kisha asilimia 59 mwaka 2022. Kwa maneno mengine, katika kila watoto kumi wa Kitanzania wenye umri wa kati ya miezi sita na miaka mitano, takriban sita wana damu pungufu, na hali hiyo haijabadilika.

Kwa nini kipimo kimoja kishuke na kingine kibaki pale pale? Sababu za kitabibu ni nyingi, lakini ipo moja ya kiutendaji ambayo haizungumzwi sana: mtoto anapofikishwa kliniki, kinachopimwa kila mwezi ni uzito. Mizani haioni damu. Wala haioni vitamini, na hata urefu wa mtoto haiuoni.

Ili kuielewa hoja hii ni vyema kuitazama kutoka mahali kama Ngulyati, kata ya vijijini katika Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu.

Kata yenye chakula

Simiyu ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na makao makuu yake yako mjini Bariadi. Ni mkoa unaotajwa mstari wa mbele katika kilimo cha pamba. Wakazi wake, wengi wao Wasukuma, ni wakulima na wafugaji kwa wakati mmoja. Wanalima mahindi, mtama, viazi vitamu, karanga, choroko na dengu, na wanafuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Upande wa magharibi, katika Wilaya ya Busega, mkoa huo unapakana na Ziwa Victoria lenye samaki na dagaa.

Kwa orodha hiyo, mtu angetarajia kuwa suala la lishe lisingekuwa tatizo. Lakini kuwapo kwa chakula wilayani ni jambo moja, na kufika kwa chakula hicho kwenye bakuli la mtoto wa mwaka mmoja ni jambo jingine kabisa.

Ushahidi mkubwa wa ukweli huo hautoki Simiyu bali katika mikoa inayosifika kwa kuilisha nchi. Katika utafiti wa mwaka 2022, mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa kwa asilimia 56.9, Njombe kwa asilimia 50.4 na Rukwa kwa asilimia 49.8. Hayo ni maghala ya mahindi ya Taifa. Ikiwa ghala lililojaa lingetosha kumkuza mtoto, mikoa hiyo ingekuwa ya mwisho katika orodha hiyo, si ya kwanza.

Katika vijiji vya Usukumani, kalenda ya kilimo nayo ina mchango wake. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, na kuanzia hapo hadi palizi ya pamba inapomalizika mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto mchanga humfuata mgongoni, lakini aliyekwisha kuanza kula huachwa na dada yake mwenye umri wa miaka minane au tisa, pamoja na uji uliopikwa asubuhi. Mtoto wa umri huo anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Akila uji mwepesi mara mbili, atashiba maji. Na miezi hiyo ya palizi ndiyo ile ambayo chakula cha msimu uliopita kinakaribia kwisha, huku fedha za pamba zikisubiriwa hadi katikati ya mwaka.

Zipo pia mila za mapishi ambazo, pamoja na uzuri wake, zina pengo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ni akiba iliyowavusha Wasukuma katika vipindi vingi vya njaa. Hata hivyo, michembe ya viazi vyeupe humpa mtoto nguvu, lakini haimpi vitamini A. Viazi lishe vyenye rangi ya chungwa vina utajiri mkubwa wa vitamini hiyo, kiasi kwamba gramu 125 tu za viazi hivyo vilivyochemshwa hutosheleza mahitaji ya mtoto mdogo kwa siku. Lakini navyo vikikaushwa juani na kuhifadhiwa kwa miezi kadhaa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo.

Maziwa nayo, ambayo ni fahari ya mfugaji, yana madini ya chuma kidogo mno. Mtoto anayepewa maziwa ya ng'ombe kama chakula kikuu kabla ya kutimiza mwaka mmoja anaweza kunenepa na kupendeza huku damu yake ikipungua. Huyo ndiye mtoto ambaye mizani humsifia.

Kinachopimwa na kisichopimwa

Tathmini ya hali ya lishe ya mtoto ina vipimo vikuu vitatu vya mwili, na kila kimoja hujibu swali tofauti.

Cha kwanza ni uzito kwa umri. Hiki ndicho kinachochorwa kwenye kadi ya kliniki, na ndicho kinachofahamika kwa akina mama wengi kupitia rangi za kijani, kijivu na nyekundu. Uzito hueleza kwamba kuna tatizo, lakini hausemi ni tatizo gani wala limeanza lini.

Cha pili ni urefu kwa umri, ambacho hubaini udumavu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelazwa kwenye ubao maalumu, na mwenye umri zaidi ya huo hupimwa akiwa amesimama. Kwa viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2006, mtoto wa kike anayetimiza miaka miwili anatarajiwa kuwa na urefu wa wastani wa sentimita 86. Akiwa chini ya sentimita 80 anahesabiwa kuwa amedumaa.

Tofauti hiyo ya sentimita sita ni sawa na upana wa vidole vitatu vya mtu mzima. Hakuna jirani anayeweza kuiona kwa macho, hasa katika kijiji ambako theluthi moja ya watoto wana kimo hicho hicho. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, anakimbiza kuku uani. Mzazi husema tu kwamba amerithi ufupi wa ukoo. Kumbe viwango vya WHO vilitokana na vipimo vya watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yalionyesha kuwa watoto wa mataifa hayo yote, wakinyonyeshwa na kutunzwa ipasavyo, hukua kwa mwendo unaokaribiana katika miaka mitano ya mwanzo. Ukoo una nafasi yake, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa.

Kipimo cha tatu ni mzunguko wa mkono, unaopimwa kwa utepe wenye rangi katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kipimo cha chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, na chini ya sentimita 11.5 ni hatari ya kifo inayotaka matibabu ya haraka. Utepe huu ni rahisi, hauhitaji umeme wala hesabu, na mtu asiyejua kusoma anaweza kuutumia kwa kuangalia rangi. Nchini Niger, akina mama wa vijijini walifundishwa kuwapima watoto wao wenyewe kwa utepe huo, na ikaonekana kuwa wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri.

Sambamba na utepe huo, kipo kipimo kisichohitaji kifaa chochote, nacho ni kubonyeza kwa dole gumba juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa kwashakoo, na mtoto huyo anapaswa kufikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mizani inasema uzito wake ni mzuri. Maji yaliyojaa mwilini huongeza uzito, hivyo mizani humdanganya anayeitazama peke yake.

Dalili zinazosomeka mwilini

Baada ya vipimo hivyo huja hatua inayoachwa mara nyingi, yaani kumtazama mtoto mwenyewe. Upungufu wa virutubisho una lugha yake, na sehemu kubwa ya lugha hiyo inaweza kusomwa na mzazi nyumbani.

Kwa upungufu wa damu, pa kutazama ni kiganja cha mkono, ndani ya kope ya chini ya jicho na ulimi. Sehemu hizo zikiwa zimepauka zikilinganishwa na za mtu mwenye afya, kuna sababu ya kupima damu. Mtoto huchoka upesi, hukosa hamu ya kula na wakati mwingine hula udongo. Wanaomwona humwita mtoto mpole au mvivu.

Kwa upungufu wa vitamini A, dalili ya awali ni mtoto kushindwa kuona giza linapoanza kuingia. Anajikwaa, hataki kutoka nje jioni, anapapasa akitafuta chakula chake. Baadaye huweza kutokea madoa meupe kama povu kwenye sehemu nyeupe ya jicho, na tatizo likiachwa, kioo cha jicho huharibika moja kwa moja.

Uvimbe wa tezi ya shingo, yaani rovu, ni ishara ya upungufu wa madini joto, ambao ukimpata mjamzito huweza kuathiri ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Nyufa kwenye pembe za mdomo huashiria, mara nyingi, uhaba wa vitamini za kundi B. Fizi zinazotoka damu zinaweza kueleza uhaba wa vitamini C. Nywele zinazokuwa laini, za rangi ya wekundu na kung'oka bila maumivu, huambatana na kwashakoo.

Pamoja na hayo, ni lazima itamkwe wazi kwamba dalili hizo ni taarifa za mwisho, si za kwanza. Mpaka kiganja kipauke kiasi cha kuonekana kwa macho, damu imekwisha kupungua sana. Mpaka mtoto apapase gizani, akiba ya vitamini A mwilini imekauka. Ndiyo maana wataalamu huuita upungufu huu njaa iliyofichika. Vilevile dalili moja huweza kuwa na chanzo zaidi ya kimoja, hivyo kazi ya mzazi ni kuitambua na kuwahi kituoni, si kununua vidonge dukani kwa kubahatisha.

Upungufu wa damu wenyewe ni mfano mzuri wa utata huo. Katika Kanda ya Ziwa, mtoto anaweza kupungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma, kwa malaria ya mara kwa mara, kwa minyoo, kwa kichocho au kwa ugonjwa wa selimundu, ambao una historia ndefu katika kanda hiyo. Mara nyingine sababu hizo hukutana mbili au tatu katika mwili mmoja. Kumpa mtoto kama huyo maini na mboga za majani pekee, bila kumpima malaria na bila kumlaza ndani ya chandarua, ni sawa na kujaza mtungi uliotoboka.

Aibu inayoua

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo katika majedwali ya takwimu. Katika jamii nyingi za Tanzania, mtoto anayekonda, kuvimba au kubadilika rangi ya nywele husemwa kuwa amebemendwa, yaani amedhurika kwa sababu wazazi wake hawakuzingatia miiko ya ndoa wakati wa kunyonyesha. Kwa imani hiyo, ugonjwa wa mtoto hugeuka kuwa hukumu juu ya tabia ya mama yake.

Matokeo yake ni kwamba mama huona haya kumpeleka mtoto mahali atakapoonwa na watu wengi. Huanza kwa mganga, kisha kwa ndugu wa mbali, na kituo cha afya huwa mahali pa mwisho. Mtoto ambaye angetibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa hufikishwa akiwa na maambukizi, mwili umepoa na hawezi tena kunyonya. Elimu ya lishe isiyoigusa imani hii kwa heshima na kwa lugha inayoeleweka itaendelea kuwafikia wale tu ambao watoto wao hawajaugua.

Wapo pia wanaume, ambao katika kaya nyingi ndio wenye uamuzi wa kuuza kuku, mayai, karanga au choroko. Semina za lishe huwaalika wake zao. Mama hurudi nyumbani akijua kuwa yai moja lingemsaidia mtoto, lakini trei imekwisha kupelekwa gulioni.

Sera ipo, shilingi elfu moja je?

Haiwezi kusemwa kuwa Serikali imelala. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kuanzia mwaka 1983, mkoa wa Iringa ulikuwa uwanja wa mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na WHO, ambao siri yake ilikuwa moja: mtoto alipimwa kijijini, matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, kisha hatua zikachukuliwa kwa uwezo uliokuwapo. Mpango huo ulitajwa duniani kote kwa jinsi ulivyopunguza utapiamlo mkali. Kwamba mkoa huo huo ndio unaoongoza kwa udumavu leo ni onyo kuwa mafanikio ya lishe hayajihifadhi yenyewe, na kwamba kuinua uzito si lazima kuinue kimo.

Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kuongeza virutubisho katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kanuni hizo zimeufikia unga wa viwandani kuliko unga wa vijijini. Mahindi ya mkulima wa Ngulyati husagwa kwenye mashine ya kijijini, ambako hakuna kinachoongezwa zaidi ya vumbi la mashine.

Septemba 2022, mjini Dodoma, wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Miongoni mwa ahadi zinazofuatiliwa ni kila halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Ni hatua njema, kwa kuwa awali lishe haikuwa na fungu lake la uhakika. Hata hivyo, hesabu ya haraka inaonyesha kuwa fedha hizo ni takriban shilingi 83 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Kwa kiasi hicho, swali si kama fedha zimetengwa au kutolewa tu, bali zimenunua nini. Ubao wa kupimia urefu hudumu miaka mingi. Utepe wa mkono ni wa bei ndogo. Kipimo cha damu kinachotoa jibu papo hapo kinajulikana. Hivyo ndivyo vitu vinavyostahili kutafutwa katika taarifa za matumizi, kabla ya posho za vikao.

Matone ya vitamini A na dawa za minyoo zinazotolewa kila Juni na Desemba nazo zimeokoa macho na maisha mengi. Lakini siku hizo mbili kwa mwaka, pamoja na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayofanyika kila robo mwaka, zingeweza kufanya zaidi. Watoto wamekwisha kukusanyika. Kupima urefu wao, kutazama viganja vyao na kubonyeza nyayo zao hakuhitaji safari nyingine.

Msomaji wa mjini naye asijione yuko salama. Mtoto wa Bariadi mjini, Mwanza au Dar es Salaam anayekunywa chai kila mlo anazuia mwili wake kufyonza madini ya chuma, na anayeshiba chipsi na soda anaweza kuwa mnene na mwenye damu pungufu kwa wakati mmoja. Mizani ya mjini ina upofu ule ule wa mizani ya kijijini.

Kadi irudishwe mikononi mwa mzazi

Jambo la msingi linalokosekana, kwa hiyo, si mizani wala kadi, bali mazungumzo. Mama anayetoka kijijini akiwa na mtoto mgongoni hukaa kwenye foleni, mtoto huning'inizwa kwenye mizani, nukta huwekwa kwenye kadi, na kadi hurudishwa ndani ya mkoba. Mara nyingi hakuna anayemweleza kwamba mstari umelala kwa miezi miwili mfululizo, na kwamba mstari uliolala ni onyo hata kama bado uko kwenye rangi ya kijani. Muuguzi naye, akiwa peke yake mbele ya watoto wengi, ana dakika chache kwa kila mmoja.

Hapo ndipo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapohitajika: kukaa na mama kabla ya foleni au baada yake, kuisoma kadi pamoja naye, na kumuuliza mtoto alikula nini jana, mara ngapi, na nani alimlisha. Karanga zilizosagwa ndani ya uji, dagaa waliotwangwa, majani ya kunde, mlenda, yai moja mara kadhaa kwa wiki; vyote hivyo ni vitu vya Usukumani, si vya dukani. Kinachotakiwa ni kujua mtoto gani anavihitaji sasa hivi, na hilo halijulikani bila kupima.

Taifa limethibitisha kwa miaka 30 kwamba kinachopimwa na kufuatiliwa kinaweza kushuka. Asilimia 59 ya watoto wenye damu pungufu inasubiri kupewa uzito huo huo. Kwa halmashauri zinazoandaa bajeti, na kwa mzazi wa Ngulyati anayefungua kadi ya mwanawe, swali ni lile lile: mara ya mwisho mtoto huyu alitazamwa lini, na si kupimwa uzito tu?